Weka Kidole Ukurasani: Namna ya Kuhukumu Toleo Jipya la Katuni za Mashujaa

Jumatano ndiyo siku ya katuni mpya nchini Marekani. Asubuhi maduka hupanga matoleo ya wiki, na jioni haijafika hukumu zimekwisha kutolewa: "kali sana", "takataka", "huyu si Batman". Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayesoma kwenye simu huzipata hukumu hizo kabla hajaliona toleo lenyewe, na mara nyingi huishia kuzirudia kama alivyozisikia.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka maoni yake mwenyewe. Kanuni yake ni moja: maoni ni lile neno unaloweza kuliwekea kidole ukurasani. Ukisema hadithi inakokota miguu, onyesha inapokokota. Ukisema mchoraji ni hodari, onyesha fremu iliyokufanya usimame. Ukishindwa kuonyesha, ulicho nacho ni hisia. Hisia ni mwanzo mwema, ila kazi bado.

Mifano mingi hapa inatoka kwenye misururu miwili ya karibuni: Ultimate ya Marvel, ambayo mifululizo yake mipya ilianza kutoka Januari 2024, na Absolute ya DC, iliyoanza Oktoba 2024. Yote miwili inawachukua mashujaa wa zamani na kuwaanzisha upya katika ulimwengu mwingine, kwa hiyo mgeni hahitaji kubeba historia ya miaka zaidi ya themanini ili aelewe.

1. Jua kwanza unahukumu kitu gani

Toleo la kawaida lina kurasa ishirini hivi za hadithi na huuzwa dola 3.99 au 4.99. Mara nyingi ni kipande cha hadithi itakayokwenda matoleo matano au sita, kisha yote yakusanywe kuwa kitabu kimoja. Kwa hiyo toleo lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kuisukuma hadithi kubwa mbele, na kumpa aliyenunua leo kitu cha kwenda nacho nyumbani. Liulize maswali yote mawili, na uyajibu mbalimbali.

Kasi nayo ina historia. Mwaka 1962, Stan Lee na Steve Ditko walimaliza asili yote ya Spider-Man kwa kurasa 11 ndani ya Amazing Fantasy namba 15: buibui, uwezo, kiburi, kifo cha mjomba, majuto. Mwaka 2000, Brian Michael Bendis na Mark Bagley waliisimulia asili hiyohiyo kwa matoleo kadhaa. Aliyezoea mwendo wa kwanza ataona wa pili ni uvivu. Aliyezoea wa pili ataona wa kwanza ni mbio za kufukuzwa. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kupima mwendo mmoja kwa kipimo cha mwingine.

Tazama Ultimate Spider-Man namba 1 ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto. Peter Parker ni mtu mzima mwenye ndevu, ana mke, Mary Jane, na watoto wawili, na hajawahi kuumwa na buibui yeyote. Toleo linakwisha pale anapoamua kuumwa. Anayelalamika kwamba Spider-Man hakuruka kwenye maghorofa amesema kweli, lakini hajahukumu. Swali ni hili: je, kurasa zile zilitosha kutufanya tuone kwa nini mtu mwenye nyumba yenye amani atake kuivuruga? Kwangu zilitosha, na ushahidi ni jinsi Checchetto anavyomchora Peter akiwa kati ya watu wake: yupo nao, lakini macho yake hayapo.

2. Chagua njia ya kusomea kabla ya kuchagua shujaa

Kununua kila toleo kwa bei ya siku ya kwanza ni gharama, na mtu aliyelipa sana huwa hahukumu sawa: ama anakuwa mkali kwa sababu ya pesa yake, ama analisifu toleo ili asijione amepunjwa. Zipo njia nyingine. Huduma ya Marvel Unlimited huweka matoleo takribani miezi mitatu baada ya kutoka. DC Universe Infinite huyaweka baada ya miezi sita kwa mwanachama wa kawaida, na baada ya siku thelathini kwa anayelipia daraja la juu. Hakikisha huduma inafanya kazi nchini kwako kabla ya kutoa namba ya kadi.

Kuchelewa huko kuna faida. Kelele za wiki ya kwanza zinakuwa zimetulia, na unaweza kusoma matoleo matatu kwa mkupuo. Anayependa karatasi na ana jamaa anayesafiri aulizie vitabu vya DC Compact, vilivyoanza kutoka mwaka 2024 kwa dola 9.99. Ni vidogo, vinaingia kwenye mkoba, na kila kimoja kina hadithi inayojitosheleza. Far Sector ya N. K. Jemisin na Jamal Campbell ni mahali pazuri pa kuanzia.

3. Soma mara mbili, kwa macho mawili tofauti

Mara ya kwanza soma kama shabiki: nenda na hadithi, usisimame. Ukimaliza, andika sentensi moja tu juu ya ulichohisi. Sentensi hiyo itakusaidia baadaye, kwa kuwa akili hupenda kusahau hisia ya kwanza ikishasikia ya wenzake.

Mara ya pili usisome maneno. Pitia picha peke yake. Je, unajua nani yuko wapi, nani amempiga nani, nani ameumia? Kama huwezi kuifuata ngumi bila kusoma viputo vya maneno, mchoraji ana deni. Kisha fanya kinyume: soma viputo peke yake. Kama maneno yanakusimulia kile ambacho picha imekwisha kukionyesha, deni ni la mwandishi. Shujaa anayevunja mlango huku akisema "Navunja mlango!" amempotezea msomaji nafasi.

Halafu angalia pale unapogeuza ukurasa. Waandishi wazuri huficha pigo nyuma ya ukurasa wa kulia, ili ulipate kwa mkono wako mwenyewe. Kwenye simu, ambako fremu huja moja moja, ufundi huo hupotea kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusema toleo ni bapa, lifungue upya kwa ukurasa mzima, ikiwezekana kwenye kioo kikubwa.

4. Gawa sifa na lawama kwa wenyewe

Maoni mengi humtaja mwandishi peke yake, kana kwamba picha zilijichora. Katuni ya Marekani ina mwandishi, mchoraji, pengine mtia wino, mtia rangi na mwandika herufi, na mara nyingi majina yao yapo ukurasa wa kwanza au jaladani. Yasome.

Absolute Wonder Woman imeandikwa na Kelly Thompson, lakini jaribu kuielewa bila Hayden Sherman, ambaye huzipanga fremu kiasi kwamba ukurasa wenyewe unakuwa sehemu ya uchawi wa Diana, yaani Wonder Woman mwenyewe. Jordie Bellaire, mtia rangi, anafanya kazi ya kukuambia uko Kuzimu au uko duniani kabla hujasoma neno. Ukisema "hadithi inaeleweka vizuri ingawa inaruka kati ya zamani na sasa", jua kwamba sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya rangi.

Absolute Martian Manhunter ni mfano mwingine. Deniz Camp ameandika, na Javier Rodríguez amechora na kutia rangi mwenyewe. John Jones ni mpelelezi wa FBI anayeanza kuona mawazo ya watu kama moshi wa rangi. Hapo rangi ndiyo hadithi yenyewe; ukiichapisha kwa rangi nyeusi na nyeupe, humalizi kurasa tano kabla hujapotea. Atakayeandika maoni juu ya mfululizo huo asitaje rangi hata mara moja, huyo amesoma muhtasari.

5. Pima badiliko kwa matunda yake

Shabiki wa muda mrefu ana ugomvi mmoja asiouchoka: "wamembadilisha". Ni kweli wamembadilisha. Ndiyo kazi waliyojipa. Uliza badiliko limezaa nini.

Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta inamvua Bruce Wayne utajiri. Ni mhandisi, mtoto wa tabaka la wafanyakazi. Baba yake alikuwa mwalimu na aliuawa kwenye bustani ya wanyama, na mama yake yu hai. Wale tunaowajua kama maadui wake, Oswald Cobblepot, Harvey Dent, Edward Nygma na Waylon Jones, hapa ni marafiki wa utotoni. Nembo ya popo kifuani inachomoka na kuwa shoka. Tajiri wa dunia hii ni Joker.

Je, limezaa? Nadhani limezaa pakubwa. Batman wa zamani alikuwa na jibu la kila kitu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinanunulika. Huyu inambidi ajenge kwa mikono, na ujuzi wake wa uhandisi unakuwa silaha. Marafiki wa utotoni wanaleta hofu ambayo tajiri mpweke hakuwa nayo: ana watu wa kupoteza. Lakini lipo pia la kukosoa, na kidole nakiweka hapa: Dragotta anamchora Batman akiwa na mwili wa ukubwa usio wa kawaida, na kuna nyakati ukubwa ule unameza umaskini wake. Mtu mwenye mabega kama mlango wa ghala haonekani kama aliyenyimwa kitu. Unaweza kunipinga ukasema mwili ndio mali pekee aliyoweza kuijenga. Ubishi wa namna hiyo una maana, kwa sababu sote tunatazama picha ileile.

Absolute Superman ya Jason Aaron na Rafa Sandoval nayo imegusa tabaka: wazazi wa Kal-El, yaani Superman, wanatoka tabaka la chini la sayari yao ya Krypton, na hapa duniani yeye yuko upande wa vibarua wanaonyonywa na kampuni kubwa. Wazo zuri. Ila wazo zuri si hadithi nzuri, na msomaji aangalie kama vibarua hao wanapewa majina, sauti na utani wao, au wanasimama tu nyuma ili shujaa apate wa kuokoa.

Ultimate X-Men ya Peach Momoko, iliyoanza Machi 2024, ndiyo iliyopigwa zaidi na hukumu ya "hii si X-Men". Momoko anaandika na kuchora, hadithi iko Japani, na inanong'ona kama hadithi ya mizimwi kuliko kupiga kelele za vita. Ukiihukumu kwa idadi ya mapigano, itaanguka. Ukiihukumu kwa kazi iliyojipa, yaani kuonyesha hofu ya binti anayebadilika mwili na akili asijue amwambie nani, utaona inapofaulu, na utaona pia pale wahusika wanapofanana nyuso hadi ukawachanganya.

6. Usiogope toleo lisilo na ngumi

Ultimate Spider-Man namba 4, iliyochorwa na David Messina, kwa sehemu kubwa ni chakula cha jioni. Peter na Mary Jane wameketi mezani na Harry Osborn na Gwen Stacy, wanazungumza. Wapo waliosema wamelipia mazungumzo ya mgahawani. Wapo waliosema ndilo toleo bora la mwaka.

Toleo la namna hii ndilo mtihani mzuri wa jicho lako. Pitia ukurasa kwa ukurasa na uulize: nani anajua kitu ambacho mwenzake hakijui? Nani anatazama pembeni swali likiulizwa? Mazungumzo yakimalizika, je, uhusiano wa watu hao wanne uko palepale ulipoanzia? Kama umehama, kuna vita vilipiganwa, ila havikuwa vya ngumi. Mimi nimo kundi la wanaolisifu, lakini mwenye kulipinga ana hoja moja nzito: mtu aliyelipa bei kamili kwa mwezi ule peke yake, bila kusoma matatu ya mwanzo, hakupata pa kushikia.

7. Afrika ikiingia ukurasani, usipunguze ukali wala kuuongeza

Hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo ambalo wengine hawana. Storm wa X-Men, aliyebuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, mama yake ni Mkenya, na mara ya kwanza tunamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Wakanda, iliyobuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, mara nyingi Marvel huiweka Afrika Mashariki, upande wa Ziwa Turkana. Ni jirani zetu wa kubuni.

Kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kusifu kila toleo kwa sababu limetutaja. Cha pili ni kulitupa kwa sababu halikutupatia sawasawa. Vyote viwili vinaruka kazi ya kusoma. Badala yake, uliza maswali madogo. Je, kijiji kina jina? Je, kuna mtu anayefanya kazi ya kawaida, anayeuza, anayeendesha gari, anayenung'unikia bei? Je, watu wa huko wana maoni tofauti wao kwa wao, au wote husema kwa mdomo mmoja?

Ultimate Black Panther ya Bryan Hill na Stefano Caselli, iliyoanza Februari 2024, ina Wakanda yenye nguvu ikikabiliana na watawala wawili, Khonshu na Ra, walioishika Afrika. Caselli anachora ikulu na mavazi kwa ustadi wa kupendeza. Udhaifu wa mfululizo naona ni kwamba bara la nchi zaidi ya hamsini linatazamwa zaidi kutoka kwenye viti vya enzi; raia wa kawaida ni wachache mno kwa vita vinavyodaiwa kupiganwa kwa ajili yao.

Storm, mfululizo ulioanza Oktoba 2024, umeandikwa na Mnigeria Murewa Ayodele na kuchorwa na Lucas Werneck. Toleo la kwanza linaanza na janga la kinu cha nyuklia Oklahoma, na aliyelisababisha ni kijana mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na uwezo wa ajabu. Storm anabaki na swali gumu: auambie ulimwengu ukweli, na kuwapa silaha wanaowachukia mutanti, au aufiche? Uandishi wa Ayodele ni wa sauti ya juu, unapenda maneno makubwa na mbingu zinazopasuka. Hilo linamfaa mhusika anayeamuru radi, ingawa kuna kurasa ambapo ningependa mbingu zitulie ili swali lisikike. Na hapo ndipo uone faida ya kutompendelea mwandishi: swali lile la Oklahoma lingekuwa zuri hata kama angetoka Ohio.

8. Liandike, lakini usimwage mtama

Sasa andika. Maneno mia moja yanatosha. Anza na kazi ambayo toleo limejipa, sema limefaulu wapi kwa kutaja ukurasa au fremu, sema limeshindwa wapi kwa njia hiyohiyo, na umalize kwa kusema nani atalipenda. Usifichue kilicho nyuma ya ukurasa wa mwisho. Ukilazimika, onya mapema. Na usisimulie hadithi yote: aliyesoma anaijua, asiyesoma umemharibia.

Mfano:

"Absolute Wonder Woman namba 1 inataka kutuaminisha kwamba mtoto aliyelelewa Kuzimu na mchawi Circe anaweza kukua na kuwa mtu mwema kuliko wengi waliolelewa peponi. Inafaulu katika kurasa za utotoni, ambapo Circe anaanza kwa kumwona mtoto kama mzigo na taratibu uso wake unalainika bila mtu kusema neno 'upendo'. Sehemu za vita za sasa ni nzuri kwa macho: farasi wa mifupa, upanga mkubwa kuliko aliyeushika. Lakini dude analopigana nalo bado halina haiba, na watu wa mjini wanabaki watazamaji. Msomaji anayependa hadithi za kale zilizopinduliwa ataridhika. Anayetaka adui wa kukumbukwa asubiri."

Nyota tano na alama kumi weka ukipenda, ila ziwe za mwisho. Ukianza na alama, maneno yote yanayofuata yatakuwa wakili wa alama.

9. Jua wakati wa kuacha

Toleo la kwanza huuza wazo, na wazo jipya hupendeza. La pili na la tatu ndiyo hudhihirisha kama kuna hadithi. Kwa hiyo usitoe hukumu ya mfululizo kwa toleo la kwanza peke yake, na usijifunge kwa mwaka mzima pia. Soma matatu. Kama katika matatu hayo hakuna ukurasa hata mmoja uliotaka kumwonyesha mwenzako, acha bila kinyongo. Wakati wako nao una bei.

Ukiwa umeendelea hadi hadithi ya kwanza ikaisha, rudi kwenye ile sentensi uliyoandika baada ya toleo la kwanza. Kama maoni yako yamebadilika, usiifute. Andika chini yake ukurasa uliokubadilisha. Baada ya mifululizo mitatu au minne utakuwa na daftari la vipimo vyako mwenyewe: kasi unayoivumilia, wachoraji unaowafuata hata wakihamia shujaa usiyempenda, na aina ya mwisho inayokukera. Mtu mwenye daftari hilo hahitaji kuambiwa Jumatano toleo gani ni zuri.